Kata moja, namba tatu: ipi iingie kwenye wasifu wa kata?

Swali la msomaji: "Mimi ni mtendaji wa kata ya vijijini, Tanzania Bara. Nimeagizwa kuandaa wasifu wa kata wa mwaka 2026: idadi ya watu, kaya, vijiji na vitongoji. Sensa ya 2022 inasema tuna watu 14,210 katika kaya 3,158. Ile ya 2012 ilisema watu 11,400. Nikijumlisha madaftari ya wakazi ya vijiji vyangu vitano napata watu 17,900 na kaya 3,240. Kituo cha afya wao wanatumia 16,118. Tena orodha ya halmashauri ina vitongoji 23, mimi ninavyo 24, maana kitongoji kimoja chenye kaya 96 na watu 530 kinagombewa na vijiji viwili. Niandike namba ipi? Na nimjibu nini diwani anayesema sensa ilitupunja?"

Jibu:

Ndugu Mtendaji, jibu fupi kwanza, maana taarifa inasubiriwa. Idadi rasmi ya watu wa kata yako ni 14,210, na uiandike pamoja na tarehe yake, 23 Agosti 2022. Kwa mipango ya mwaka 2026 tumia makadirio ya watu 15,500 hivi. Ile 17,900 ya madaftari isiingie kwenye wasifu kama idadi ya watu mpaka ihakikiwe, ila usiitupe, kwa sababu ndiyo pekee inayokuonyesha nani anakaa kitongoji gani. Na hiyo 16,118 ya kituo cha afya haikutokana na kumhesabu mtu yeyote, tutafika huko.

Sasa jibu refu. Umeanza na watu, lakini tatizo lako la kwanza liko kwenye maeneo. Mwenye orodha ya vitongoji 24 na mwenye orodha ya vitongoji 23 hawawezi kupata jumla moja hata wakihesabu kwa uaminifu wote. Kwa hiyo kabla ya kugusa daftari lolote, funga orodha ya maeneo.

Orodha ya vijiji na vitongoji

Kijiji hakiwi kijiji kwa sababu watu wanakiita hivyo. Kinakuwa kijiji kwa kuandikishwa chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya 1982 na kupewa cheti, na kila baada ya miaka mitano, kabla ya uchaguzi wa serikali za mitaa, Serikali hutangaza majina ya maeneo ya utawala katika Tangazo la Serikali. Uchaguzi wa mwisho ulifanyika tarehe 27 Novemba 2024, kwa hiyo tangazo la mwaka huo ndilo la kuanzia. Liombe kwa ofisa uchaguzi wa halmashauri yako, tafuta ukurasa wa kata yako, unakili majina yote kama yalivyoandikwa, hata pale unapoona tahajia imekosewa. Tahajia unayoijua wewe iweke kwenye safu ya pembeni. Ukirekebisha jina kimyakimya, mwaka ujao mtu wa takwimu atadhani ni kitongoji kipya.

Usilione jambo hili dogo. Mwaka 2024 tangazo moja lilifuta kata na vijiji vya tarafa ya Ngorongoro kabla ya kusimamishwa baada ya malalamiko na amri ya mahakama. Katika siku hizo watu hawakuhama, nyumba hazikuhama, lakini kwenye karatasi za Serikali walikuwa hawana kijiji. Kuwepo kwa watu mahali na kuwepo kwa eneo la utawala ni mambo mawili, na wasifu wa kata unatakiwa uonyeshe yote mawili bila kuyachanganya.

Kwa hiyo tengeneza jedwali lenye safu tano: jina la kijiji, jina la kitongoji kwenye tangazo, jina linalotumiwa na wakazi, makazi yaliyomo ndani yake, na maelezo. Hiyo safu ya nne ndiyo inayosahaulika. Ndani ya kitongoji kimoja unaweza kukuta senta ya maduka iliyoota kwenye njia panda, nyumba za walimu, kambi ya wachimbaji, dago la wavuvi na boma mbili tatu za wafugaji zilizo umbali wa saa moja kwa miguu. Hizo zote si vitongoji. Zina majina, zina watu, na ukimuuliza dereva wa bodaboda atazijua kuliko anavyolijua jina la kitongoji, lakini hazina mwenyekiti wala mstari wake kwenye tangazo. Ziandike kama makazi ndani ya kitongoji fulani. Usipofanya hivyo, mtendaji mmoja ataihesabu senta kama kitongoji na mwenzake ataiacha kabisa.

Sura ya makazi yenyewe ina historia inayokusaidia kujua wapi pa kutazama mara mbili. Vijiji vingi vya Bara vilichukua umbo lake la sasa wakati wa Operesheni Vijiji, baada ya Mwalimu Nyerere kutangaza Novemba 1973 kwamba kuishi vijijini ni amri, na Sheria ya Vijiji na Vijiji vya Ujamaa ya 1975 ikavipa msingi wa kisheria. Nyumba zilipangwa kwa mistari kando ya barabara, na mashamba ya zamani yakaachwa kuwa mahame. Tangu miaka ya 1980 watu wengi wamerudi mahameni kidogo kidogo: kwanza kibanda cha kulindia mazao, kisha jiko, kisha familia nzima. Katika kata nyingi za vijijini hayo ndiyo makazi yanayokosekana kwenye madaftari, na ndiyo yanayozua ugomvi wa mipaka, kwa sababu mtu alijiandikisha kijiji alikohamishiwa ilhali anaishi kwenye ardhi ambayo leo iko ndani ya mpaka wa kijiji jirani. Ukiwa na kitongoji kinachogombewa, anza kuulizia hapo.

Kitongoji cha kaya 96

Kwenye jedwali, kitongoji hicho kiandike mara moja tu, chini ya kijiji ambacho Tangazo la Serikali limekiweka. Safu ya maelezo iseme: "kinadaiwa pia na kijiji fulani, shauri liko ngazi fulani." Wewe kama mtendaji wa kata huna mamlaka ya kukihamisha, na wasifu si mahali pa kuamulia kesi.

Kwenye hesabu, kinachofanyika sasa ni kwamba vijiji vyote viwili vimeziandika kaya zilezile 96. Toa mara moja: kaya 3,240 zinabaki 3,144, na watu 17,900 wanabaki 17,370. Hiyo ndiyo jumla halisi ya madaftari yako, na umeipata bila kutoka ofisini.

Ukitaka kujua mpaka wenyewe unapita wapi, uliza kama vijiji hivyo vina cheti cha ardhi ya kijiji kinachotolewa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Kama kipo, nyuma yake kuna ramani ya upimaji yenye alama za mpaka, na nakala iko idara ya ardhi ya halmashauri. Hapa kuna mtego ambao umewagombanisha watu wasiokuwa na ugomvi. Ramani nyingi za upimaji za nchini zimechorwa kwa mfumo wa zamani wa koordineti, yaani namba za kuonyesha mahali, uitwao Arc 1960, wakati simu yako inasoma mfumo mwingine, WGS 84. Ukichukua koordineti za jiwe la mpaka kutoka kwenye ramani na kuziingiza kwenye simu bila kuzibadili, nukta inahama takriban mita 300, sehemu kubwa ikiwa upande wa kaskazini na kusini. Mita 300 zinatosha kuihamisha shule na nyumba zote za walimu kwenda kijiji kingine. Mwombe mpima wa halmashauri abadilishe koordineti kabla hamjaenda porini na wazee wa vijiji viwili, na jiwe lenyewe mkilikuta likiwa na namba yake, liaminini kuliko simu.

Kama wakazi wanataka kitongoji kihame au kijiji kigawanywe, njia ni ndefu lakini inajulikana: mkutano mkuu wa kijiji, kamati ya maendeleo ya kata, baraza la madiwani, kamati ya ushauri ya wilaya, kamati ya ushauri ya mkoa, kisha Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa. Muhtasari wa mkutano mkuu usio na orodha ya mahudhurio yenye saini ndio unaorudisha maombi mengi nyuma. Tena maombi haya huja kwa wingi mwaka mmoja kabla ya uchaguzi, na hapo ndipo yanapokwama kwa kukosa muda.

Kwa nini sensa na daftari havilingani

Sensa ya Tanzania inamhesabu mtu pale alipolala usiku wa kuamkia siku ya sensa: kwa 2022, usiku wa kuamkia Jumanne tarehe 23 Agosti. Makarani walizunguka siku kadhaa na vishikwambi vyao, lakini swali lilibaki nani alilala hapa usiku ule. Daftari la kijiji linaandika wakazi, yaani watu ambao kijiji kinawahesabu kuwa wake. Kijana aliyeko Dar es Salaam akiuza mitumba kwa mwaka wa nne ni mtu wa Dar kwa sensa, na ni mtoto wa nyumbani kwa daftari. Mwanafunzi wa bweni aliyelala shuleni usiku ule alihesabiwa shuleni. Mfugaji aliyepeleka ng'ombe bondeni kutafuta malisho ya kiangazi alihesabiwa bondeni.

Hili ndilo la kumjibu diwani. Sensa haikuwapunja, iliwahesabu watu wenu mahali pengine. Kabla hajalalamika zaidi, mwonyeshe upande wa pili: kama kata yenu ina sekondari ya bweni na usiku ule wanafunzi walikuwepo, basi mlijaziwa watoto wa kata nyingine. Dalili yake utaiona ukipata mgawanyo wa umri wa kata: kundi la miaka 15 hadi 19 litakuwa limevimba kuliko majirani zake wa juu na wa chini.

Lakini tofauti yote haitokani na maana ya mkazi. Sehemu kubwa ni uchakavu wa daftari, na hili unaweza kulipima kwa kugawa watu kwa kaya.

Sensa: 14,210 ÷ 3,158 = watu 4.5 kwa kaya.
Daftari, baada ya kutoa kitongoji kilichojirudia: 17,370 ÷ 3,144 = watu 5.5 kwa kaya.

Wastani wa kitaifa katika sensa ya 2022 ulikuwa watu 4.3 kwa kaya, na umekuwa ukishuka sensa hadi sensa. Kata ya vijijini yenye 4.5 inaaminika. Yenye 5.5 inawezekana kwenye maeneo ya wafugaji wenye kaya kubwa, lakini haiwezekani kata hiyohiyo ikapanda kutoka 4.5 hadi 5.5 ndani ya miaka minne. Madaftari yako yamebeba watu wasiokuwepo.

Na kuna jambo la pili ndani ya namba hizohizo ambalo nadhani hujaliona. Kwa makadirio ya watu 15,500 na watu 4.5 kwa kaya, kata ingetakiwa kuwa na kaya zipatazo 3,445. Madaftari yana 3,144. Yaani upande mmoja yamezidisha watu karibu 1,900, na upande mwingine yamekosa kaya zipatazo 300. Hii ni sura ya kawaida ya daftari linaloongezwa bila kufutwa: kaya za zamani zinaendelea kubeba majina ya waliooa na kuhama, waliofariki na waliokwenda mjini, wakati kaya mpya za vijana waliooana, wapangaji wa senta na waliorudi mahameni hazijafunguliwa ukurasa. Kwa hiyo usikimbilie kutafuta kaya hewa. Nenda ukafute watu na kuongeza kaya.

Kuhakiki daftari

Kazi hii haifanywi na mtendaji wa kijiji peke yake akiwa mezani. Inafanywa na mwenyekiti wa kitongoji pamoja na mhudumu wa afya ya jamii, kaya kwa kaya, kwa sababu mwenyekiti anajua nani amehama na mhudumu anajua nani amejifungua. Kitongoji cha kaya 130 au 140, kama vyako vilivyo kwa wastani, kinamalizika kwa siku tatu hadi nne ikiwa nyumba hazijatawanyika sana. Asubuhi mapema na jioni ndiyo saa za kuwakuta watu. Msimu wa kupalilia usijaribu.

Kwanza mkubaliane maana mbili na ziandikwe juu ya kila fomu. Kaya ni watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja, wawe ndugu au wasiwe. Mkazi ni aliyekaa hapo miezi sita au zaidi, au aliyehamia kwa nia ya kukaa. Hiyo miezi sita ndiyo itakayomaliza mabishano ya kijana wa Dar. Anatumwa fedha nyumbani, ana shamba nyumbani, atazikwa nyumbani, lakini kwenye jumla ya wakazi hayumo.

Fomu iwe na namba ya kaya, jina la mkuu wa kaya, kisha kila mtu kwa mstari wake: jinsi, mwaka wa kuzaliwa, uhusiano na mkuu wa kaya, na hali, yaani yupo, yuko shule ya bweni, amehama, amefariki. Andika mwaka wa kuzaliwa, usiandike umri. Umri ulioandikwa leo ni uongo mwakani. Aliyehama au kufariki usimfute kwa wino mzito. Piga mstari mmoja na uandike mwezi na mwaka, ili mwakani ujue kata imepoteza wangapi na kwa njia ipi.

Wanaorukwa ni walewale kila mahali: watoto wachanga, hasa ambao hawajapewa jina, wazee wanaoishi peke yao kwenye nyumba ya nyuma, wapangaji, walimu na wauguzi, ambao wanakijiji huwaona ni wageni hata baada ya miaka kumi, wafanyakazi wa mashamba na machimbo, na wafugaji wa pembezoni. Wanaoandikwa mara mbili nao wanajulikana. Mwanamume mwenye wake wawili katika vijiji viwili huandikwa kote kama mkuu wa kaya. Mweke kwenye kaya moja, na kule kwingine mke awe mkuu wa kaya kwenye fomu. Hii huleta maneno, kwa hiyo mwenyekiti aeleze mapema kwamba ni suala la kuhesabu tu na halimvui mtu heshima yake. Mtoto anayelelewa na bibi huandikwa kwa bibi na kwa wazazi; abaki alikolala miezi sita iliyopita.

Halafu kuna uvimbe wa makusudi, na lazima uujue kwa sababu hautibiwi kwa fomu nzuri. Daftari la kijiji huvimba palipo na mgawo na hunywea palipo na mchango. Kukiwa na usajili wa mbolea ya ruzuku, chakula cha msaada au uandikishaji wa kaya za TASAF, mfuko wa Serikali unaosaidia kaya maskini, kaya moja hujigawa mbili. Kukiwa na mchango wa shilingi kadhaa kwa kila kaya kujenga maabara, kaya mbili hugeuka moja. Kwa hiyo tazama tarehe daftari lilipofanyiwa marekebisho ya mwisho na uulize nini kilikuwa kinaendelea kijijini wakati ule. Na uhakiki wenu ufanyeni katika kipindi kisicho na kimojawapo. Ukiweza, chagua kitongoji kimoja kwa kila kijiji, kikague wewe mwenyewe na mtendaji wa kijiji jirani baada ya wenyewe kumaliza. Kaya 20 zinatosha kukuonyesha kama kazi ilifanyika majumbani au chini ya mwembe.

Jambo la kisheria: majina ni ya ofisini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuhusu na wewe pia. Jumla za kitongoji zitoe kwa yeyote anayehitaji. Orodha ya majina, miaka ya kuzaliwa na hali za kaya usiitume kwenye kundi la WhatsApp la kata.

Makadirio ya 2026

Sasa ile 16,118. Sensa ya 2022 ilitoa ongezeko la kitaifa la asilimia 3.2 kwa mwaka kati ya 2012 na 2022. Chukua 14,210 uzidishe kwa 1.032 mara nne: unapata 16,118 kamili. Kituo cha afya kimechukua kasi ya taifa zima, miji ikiwemo, na kuivisha kata yako. Hawakukosea hesabu, wamekosea kipimo.

Kata yako ina kasi yake. Gawa 14,210 kwa 11,400 upate 1.2465. Kati ya sensa mbili kuna miaka kumi karibu kamili, 26 Agosti 2012 hadi 23 Agosti 2022, kwa hiyo tafuta kipeo cha 0.1 cha hiyo 1.2465, kwenye kikokotoo cha simu unaandika 1.2465^0.1. Jibu ni 1.022, yaani asilimia 2.2 kwa mwaka. Kisha zidisha 14,210 kwa 1.022 mara nne mfululizo, unapata 15,502. Tofauti na namba ya kituo cha afya ni watu 616, na kwa kuwa Sera ya Maji ya 2002 iliweka kipimo cha kituo kimoja cha kuchotea maji kwa watu 250 ndani ya mita 400, hao 616 ni vituo viwili hadi vitatu vya maji ambavyo ungeviombea fedha kwa ajili ya watu wasiokuwepo.

Hesabu hii ina sharti moja ambalo likikiukwa inakuwa takataka: 11,400 na 14,210 ziwe za eneo lilelile. Kata nyingi ziligawanywa kuelekea uchaguzi wa 2015. Kama kata yako ilizaa kata nyingine baada ya 2012, ile 11,400 ina watu wa kata binti ndani yake. Kipimo cha haraka: kasi ikitoka chini ya sifuri au ikazidi asilimia sita kwa mwaka, na hakuna mgodi, kambi ya ujenzi wa reli wala mafuriko yaliyohamisha watu, shuku mpaka kabla ya kushuku watu. Dawa yake ni kujumlisha kata mama na kata binti kwa miaka yote miwili, kutafuta kasi ya eneo zima, kisha kuitumia kasi hiyo kwa kila moja.

Kama mtakwimu wa halmashauri ana makadirio rasmi ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu kwa halmashauri nzima, tumia hayo badala ya ya kwangu: tafuta kata yako ilikuwa sehemu gani ya halmashauri mwaka 2022, kisha chukua sehemu hiyohiyo ya makadirio ya 2026. Faida yake ni kwamba kata zote zikifanya hivyo, jumla inarudi kuwa ya halmashauri. Kata zikijikadiria kila moja kivyake, mkurugenzi anaishia na wilaya yenye watu wengi kuliko ilionao.

Kuigawa 15,500 kwa vijiji, tumia idadi ya kaya zilizohakikiwa, usitumie idadi ya watu kwenye daftari, kwa sababu kaya ni ngumu kuificha au kuizidisha kuliko mtu mmoja mmoja. Kwa mfano, uhakiki ukikuta kaya 3,400 katika kata na kijiji kimojawapo kina 820, basi sehemu yake ni 820 ÷ 3,400, na watu wake ni 3,740 kwa kukaribisha kwenye makumi. Usiandike 3,738. Tarakimu ya mwisho ya makadirio ni pambo. Kijiji hicho kwa kipimo cha sera kinahitaji vituo 15 vya maji, lakini kumbuka zile mita 400: makazi ya mahameni yaliyo kilomita tatu kutoka senta yatahitaji kituo chao hata wakiwa watu 90. Ndiyo maana safu ya makazi kwenye jedwali lako ina kazi kubwa kuliko jumla ya kijiji.

Msongamano wa watu kwa kilomita ya mraba uutoe kama idara ya ardhi imekupa eneo la kata kwa uhakika, na utoe nje msitu wa hifadhi au ziwa kama vimo. Kata yenye nusu yake hifadhi itaonekana tupu ilhali watu wanabanana kwenye nusu iliyobaki.

Namna ya kuiandika

Ukurasa wa idadi ya watu usomeke hivi, ukibadilisha majina na kujaza tarehe: "Kwa Sensa ya Watu na Makazi ya 2022 kata ilikuwa na watu 14,210 katika kaya 3,158, wastani wa watu 4.5 kwa kaya. Kwa kasi ya asilimia 2.2 kwa mwaka iliyoonekana kati ya 2012 na 2022, kata inakadiriwa kuwa na watu 15,500 mwaka 2026. Kata ina vijiji 5 na vitongoji 23 kwa mujibu wa Tangazo la Serikali la 2024. Mgawanyo wa vijiji umetokana na uhakiki wa madaftari ya wakazi uliofanyika mwezi fulani." Chini yake jedwali la vijiji, kisha jedwali refu la vitongoji na makazi yake. Mgawanyo wa wanaume na wanawake uchukue kwenye jedwali la kata la sensa. Kitaifa wanawake walikuwa asilimia 51, lakini kata yenye machimbo au yenye vijana wengi waliohama itatofautiana, na tofauti hiyo ni habari kwa mtu wa mipango.

Kituo cha afya wapelekee ukurasa huo, ila usiwalazimishe walinganishe na mpaka wa kata. Wao wanahudumia eneo la huduma, na mama wa kata jirani anayeishi karibu na kituo chenu atakuja kujifungulia kwenu. Wakikuta wamechanja watoto asilimia 115 ya lengo, sababu mara nyingi ni hiyo. Waombe waandike kijiji cha kila mteja kwenye rejesta. Ndani ya miezi mitatu mtajua wangapi wanatoka nje.

Nakala ya jedwali la vitongoji ipelekwe kwa mtakwimu na ofisa uchaguzi, ikiwa na tarehe, saini yako na muhuri. Kile kitongoji cha kaya 96 kikiamuliwa, badilisha mstari mmoja tu na uandike tarehe ya uamuzi, na jumla ya kata haitabadilika hata kwa mtu mmoja.